Pete Inayonukia Kahawa

Katika Buhongwa yote, na Mkolani nikiiongeza hapo hapo, kuna mtu mmoja tu anayeweza kuchoma kidonge kidogo kuliko punje ya karanga akakuambia kimetoa joto kiasi gani, tarakimu kwa tarakimu. Mtu huyo ni mimi. Watu husema sisi wa kutoka Kagera tunajisifu. Hatujisifu. Tunatoa taarifa.

Na taarifa yenyewe ni hii. Nina stashahada ya ufundi wa maabara. Moja, na sijaona haja ya kuiongezea nyingine. Nilianza kazi kwa kupima maji na barafu katika kiwanda cha minofu ya samaki hapa Mwanza, nikadunduliza nauli, nikaenda Ulaya bila mjomba wizarani wala shangazi ubalozini. Kule nilianza kwa kuosha vyombo vya kioo katika maabara ya chuo kikuu kimoja. Mwaka wa pili nilikuwa nashika funguo. Kufikia mwaka wa nne, wenye shahada ya tatu walikuwa wakiningoja nifike ndipo mashine iwashwe, maana nisipoiwasha mimi ilikuwa inanuna.

Mashine hiyo hupima joto la kitu kinapoungua. Unachukua unga wa dawa unayotaka kuijua, unaubana uwe kidonge, unakipima uzito, unakiweka ndani ya chungu kizito cha chuma. Unajaza oksijeni mpaka chungu kinakaza, unakizamisha katika maji yaliyotulia, halafu unapitisha umeme kwenye waya mwembamba wenye uzi wa pamba. Uzi unawaka, kidonge kinawaka, maji yanapata joto kidogo tu, na kwa hicho kidogo unajua kila kitu. Kikiisha kuungua unafungua chungu na kupima hata ile asidi ndogo ambayo nitrojeni imeiacha ndani. Wengine wanaona ni kazi ya kuchosha. Mimi nilikuwa nasikia raha kama mtu anayesikiliza redio.

Tulichokuwa tukichoma kule kilikuwa cha aina moja: pete zenye nitrojeni. Usiogope. Chukua watu sita wameshikana mikono kwenye duara. Wanne ni kaboni, wawili ni nitrojeni, na hao wawili wamesimama wakitazamana. Hiyo ndiyo pete. Kila kaboni ina mkono mmoja wa ziada unaoelekea nje ya duara, na kwa kawaida mkono huo umeshika haidrojeni, kitu chepesi kisicho na neno. Sasa ukiitoa haidrojeni ukaweka kitu kingine mahali pake, hicho kinaitwa kibadala, na kibadala kinaweza kubadilisha tabia ya pete nzima. Weka kundi moja liitwalo amidi, unapata dawa wanayomeza wagonjwa wa kifua kikuu. Weka methili nne, kila moja ni kaboni yenye haidrojeni tatu, moja kila kona ya kaboni, unapata kitu kinachonukia kahawa iliyokaangwa. Pete ni ile ile.

Profesa wangu, mama mmoja mrefu mwenye sauti ya chini, maisha yake yote alikuwa akiuliza swali moja: ukibadilisha kibadala, pete inatulia zaidi au inapata kiherehere zaidi, na kwa kiasi gani? Ukiweka viwili, athari yake ni mara mbili ya kimoja, au majirani wanaanza kusukumana? Kompyuta zinaweza kukisia. Lakini kukisia bila kupima ni kama kusifia pilau ukiwa getini.

Wageni walipotembelea maabara, mimi ndiye niliyekuwa nawaeleza. Kulikuwa na hotuba moja niliyoipenda sana. Nilikuwa nawaambia, ukitaka kumjua mtu, mtoe kwanza kwenye umati. Molekuli ndani ya unga zimeshikana, na hiyo nguvu ya kushikana lazima uipime peke yake na kuiondoa kwenye hesabu. Kibadala chenye mikono kinashika majirani, kwa hiyo unga wake unakaa kimya mezani, hauendi popote. Kibadala kama methili kina mikono mfukoni. Hakimshiki mtu. Unga wake unaruka hewani wenyewe, unakuwa mvuke bila hata kuyeyuka. Wageni walikuwa wanatikisa kichwa na kuandika. Ikumbuke hotuba hii, maana ndiyo iliyokuja kuniaibisha.

Nilirudi nyumbani kwa sababu nilitaka kurudi. Niliyaona mengi, nikajenga Buhongwa nyumba ya vyumba vinne kwa jasho langu, na chumba cha nyuma nikakifanya maabara. Kabla sijaondoka kule, walikuwa wameagiza mashine mpya. Nikamwambia profesa, ile ya zamani nipe mimi. Akacheka, kisha akaona sicheki.

"Nitakukopesha mwaka mmoja," alisema. "Ukinionyesha inafanya kazi sawasawa huko kwako, itabaki, na tutakuwa tunakutumia kazi. Isipofanya, kuna maabara nyingine inaisubiri."

Ikafika bandarini, ikafika Mwanza, ikafika Buhongwa. Kwenye karatasi za forodha niliandika "chungu cha chuma cha kupimia joto", wala sikuandika jina lake la kitaalamu, kwa sababu jina hilo lina neno bomu ndani yake na mimi si mjinga.

Mtihani wa profesa ulikuja kwa chupa mbili ndogo. Moja ilikuwa ya ile pete ya dawa ya kifua kikuu. Nyingine ilikuwa ya pete ya methili nne. Namba zake za kweli alikuwa amezifungia mezani kwake. Mimi nichome vidonge vitano vya kila chupa, nimtumie majibu kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Yakilingana na yake, mashine ni yangu. Yasipolingana, nianze kutafuta mbao za kutengenezea kreti.

Nilicheka. Nilimwambia jirani yangu kuwa wiki moja inatosha, na siku nyingine nitalala.

Jirani yangu huyo ni mwalimu wa kemia sekondari, mtu wa Mara, ana shahada ya chuo kikuu na hachoki kunikumbusha. Mimi nami sichoki kumkumbusha kwamba ana shahada lakini ana vikombe vya kupimia vya plastiki, na mwenye stashahada ana kikombe cha platini. Tunapendana sana.

Shida ya kwanza ilikuwa mizani. Mizani ya kazi yetu hukaa ndani ya kiota chake cha kioo na husikia hata pumzi yako. Nyumba yangu haiko mbali na barabara ya Shinyanga, na kuanzia saa moja asubuhi malori yakianza kupita, tarakimu za mwisho zinacheza kama watoto kwenye mvua. Kule Ulaya mizani ilikuwa kwenye chumba cha chini ya ardhi, na tulikuwa tunapima kidonge muda ule ule wa kukichoma. Hapa nikabuni utaratibu wangu. Niliamka saa kumi na moja alfajiri, barabara imelala, nikapima vidonge vyote vitano kwa mpigo, nikaviandika, nikavipanga kwenye trei ya kioo chini ya feni. Kisha nikanywa chai, nikaanza kuchoma kimoja kimoja, mpaka jioni. Niliuona utaratibu mzuri kiasi kwamba nilifikiria kumwandikia profesa auige.

Siku ya kwanza nilichoma dawa ya kifua kikuu. Majibu matano yalitoka kama watoto wa mama mmoja. Nilitembea kifua mbele hadi dukani, nikanunua soda, nikainywa hapo hapo nimesimama ili watu wanione.

Siku ya pili ikawa zamu ya methili nne. Jibu la kwanza lilitoka chini kidogo kuliko nilivyotazamia. La pili likatoka chini ya la kwanza. La tatu chini ya la pili. Nilipofika la tano nilikuwa nimeshuka ngazi nzima.

Mwalimu alikuja jioni, akachungulia daftari langu akiwa bado ameshika begi lake la shule.

"Ulaya," ndivyo anavyoniita, "hizi namba mbona zinateremka kama zinakwenda ziwani kuoga?"

"Ni oksijeni. Mtungi una walakini."

"Mtungi ni ule ule wa jana."

"Basi ni kipimajoto."

"Kipimajoto cha jana kilikuwa kizima, leo kimepata malaria?"

"Mwalimu, nenda kasahihishe madaftari."

Nilibadilisha mtungi. Nilibadilisha waya, nikabadilisha uzi, nikaosha chungu mpaka nikajiona ndani yake. Baada ya siku tatu nikarudia: alfajiri, mizani, trei, feni, chai, moto. Ngazi ile ile. Safari hii kidonge cha mwisho nilikichelewesha kwa sababu umeme ulikatika mchana, na ndicho kilichoanguka zaidi ya vyote. Kwa hiyo nikalaumu umeme.

Sasa chupa ilikuwa imebaki na unga wa vidonge vitano, labda saba nikikwangua. Ijumaa ilikuwa imebakiza siku saba. Kwa mara ya kwanza nilipita karibu na fundi seremala nikajikuta natazama mbao.

Mwalimu naye alikuwa ameacha mzaha, jambo lililonitisha zaidi.

"Hebu niambie," alisema, "hili jibu halimo kwenye vitabu?"

"Limo la zamani. La watu wengine."

"Basi si unalijua? Sogeza namba zako kidogo zikae jirani nalo. Nani atakuja Buhongwa kuhakikisha?"

"Mimi sinakili, Mwalimu."

"Sijasema unakili. Nimesema usogeze."

"Wanafunzi wako wakisogeza unawafanyaje?"

 "Nawachapa," alisema, tukacheka wote wawili, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Ukweli ni kwamba wazo hilo lilikuwa limenijia kabla yake. Nililala nalo usiku mmoja. Asubuhi niliona kuwa nikisogeza namba, mashine itabaki lakini mimi nitakuwa nimeondoka. Nitakuwa nimekaa na chungu ambacho simwamini mwenye kukiwasha.

Jumamosi mama alikuja. Yeye anakaa Mkolani, na kila Jumamosi huja kukagua kama nimekula. Mama yangu hajawahi kuelewa kwa nini mtu asome, apande ndege, arudi, halafu ajifungie chumbani kuchoma vitu. Akiulizwa na wenzake kanisani mwanao anafanya kazi gani, hujibu, "Anapima joto," na wao hudhani niko hospitali. Hajawahi kuwasahihisha.

Siku hiyo nilikuwa nimepima vidonge viwili vya kujaribia, vya unga niliokwangua kwenye kuta za chupa, nimeviacha kwenye trei, nimekaa barazani nimeshika tama. Mama aliingia, akaweka kikapu chini, hakunisalimia hata.

"Nani anakaanga kahawa humu?"

"Shikamoo mama. Hakuna anayekaanga."

"Marahaba. Mimi nimezaliwa kwenye kahawa, usinidanganye. Inanukia tangu getini. Umemkaribisha nani ukamkaangia kahawa, mama yako hujamwambia?"

"Mama, ni dawa zangu za kule nyuma. Moja inanukia kahawa. Si ya kunywa."

"Mbona wiki ile nyingine haikunuka?"

"Ile ni nyingine. Ile haina harufu."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia uongo dhaifu. Kisha akakaa, akafungua kikapu, akatoa kahawa ya kutafuna. Kwetu Kagera mgeni akija, kabla ya neno lolote, anapewa punje chache za kahawa iliyochemshwa na kukaushwa, atafune. Mama hata kwa mwanawe hafanyi mazungumzo ya maana bila hizo punje, na nilivyokuwa nimekunja uso alijua kuna mazungumzo. Zamani alizihifadhi kwenye kikasha kilichosukwa. Siku hiyo akatoa kifurushi kinachong'aa, cha nailoni nyembamba, laini kama ngozi ya kitunguu.

"Hii nailoni yako nzuri sana," alisema huku akifungua. "Nimefungia tangu Pasaka. Nusa. Kama jana. Kwenye kikasha kile harufu ilikuwa inaisha, punje zinabaki kama kuni. Humu haitoki kitu. Unayo nyingine?"

Nilinusa. Ilikuwa kama jana kweli.

Nailoni hiyo ilikuja ndani ya kreti ya mashine, imeviringishwa roli zima. Nilidhani ni ya kufungashia mizigo, nikampa mama akafunikie vyakula. Na hapo, punje ya kahawa ikiwa katikati ya meno, nikakumbuka nilikuwa nimewahi kuiona wapi.

Kule Ulaya vidonge havikuwa vinaandaliwa na mimi. Kulikuwa na dada mmoja wa meza ya jirani ambaye kazi yake ilikuwa hiyo. Vingine alinipa vitupu, vingine alinipa vimefungwa ndani ya kifuko kidogo cha nailoni hiyo hiyo, kimebanwa pande zote, na uzito wa kifuko umeandikwa pembeni. Nilichoma vya namna hiyo miaka yote niliyoshika mashine. Sikuuliza hata siku moja kwa nini vingine vinavaa na vingine havivai. Nilidhani ni usafi wao tu, kama wanavyofunga ndizi moja moja dukani. Na mtu aliyekuwa akiwahutubia wageni kuhusu methili yenye mikono mfukoni alikuwa mimi.

"Mama," nikasema, "inanukia kwa sababu inaondoka."

"Nini inaondoka?"

"Dawa. Ile unayoinusa getini ndiyo ninayoitafuta kwenye mizani."

"Wewe hujala," alisema mama, akainuka kwenda jikoni.

Nilikimbilia nyuma. Vidonge viwili vilikuwa vimekaa chini ya feni tangu alfajiri. Malori yalikuwa yanapita na tarakimu za mwisho zilikuwa zinacheza, lakini hazikuhitaji hata kutulia: uzito ulikuwa umepungua mpaka mtu mwenye miwani iliyovunjika angeona. Nikatoa kidonge cha akiba cha dawa ya kifua kikuu, nilichokipima kikabaki tangu wiki ya kwanza, kimekaa wazi kwenye kabati siku zote hizo. Uzito wake ulikuwa vile vile nilivyouandika. Kimeshikana na wenzake, hakijatoka hata hatua.

Kwa hiyo mashine ilikuwa nzima. Mtungi ulikuwa mzima, umeme nao niliusingizia. Nilikuwa napima kidonge alfajiri, nakiacha kiruke siku nzima chini ya feni niliyoiwasha kwa mkono wangu, kisha nachoma kilichobaki na kukihesabia joto kana kwamba ni kizima. Kule kwenye baridi, na kwa kupima dakika ile ile, hata mzembe asingepoteza kiasi hicho. Kosa hilo linaweza kufanywa na mtu wa Buhongwa tu, tena aliye hodari wa kuamka mapema.

Sitaficha kwamba niliona haya. Lakini haya yangu haidumu. Nilikuwa na siku sita.

Nilimnyang'anya mama nailoni yake. Aligoma mpaka nilipomwahidi kumrudishia itakayobaki. Nikaenda soko kuu, Nyamagana, nikanunua mashine ndogo ya kubania vifuko, ile wanayotumia wauza karanga. Ilibana vizuri sana baada ya kuirekebisha moto, na sijui wangapi Ulaya wangeweza kuirekebisha. Kisha nikachoma vifuko vitupu, bila kidonge, kwa sababu kifuko nacho kina moto wake, na usipoujua utakipa kidonge sifa isiyo yake.

Ila bado mizani. Kifuko kinazuia harufu, lakini mimi nilikuwa nimeapa sipimi tena kitu alfajiri nikichome jioni. Nilitaka kupima saa ile ile. Na saa ile ile malori yanapita.

Hapa ndipo ninapobishana na Mwalimu hadi leo. Uani kwangu kuna jiwe. Wanaoijua Mwanza hawatauliza ni jiwe la namna gani. Ni kubwa kuliko jiko, limechimbia mizizi chini kusikojulikana, na nilipojenga niliwalipa mafundi wanne walipasue wakashindwa, kwa hiyo nyumba imelikwepa kwa kupinda ukuta. Nimelilaani jiwe hilo kila nilipojikwaa. Jioni ile tulikuwa tumesimama uani, Mwalimu ameweka kikombe chake cha chai juu ya jiwe, lori la saruji likapita. Madirisha yalitetemeka. Chai haikutetemeka.

Yeye anasema yeye ndiye aliyesema, "Tazama chai." Mimi nasema nilikuwa nimeshaitazama kabla hajafungua mdomo. Yaliyo hakika ni kwamba kesho yake tulisawazisha kipande cha juu kwa saruji, tukajenga juu yake kibanda cha mbao chenye mlango na paa la bati, kidogo kama banda la kuku, tukaingiza mizani. Lori likapita. Likapita jingine lenye tela. Tarakimu ya mwisho ilikaa kimya kama mtoto aliyeahidiwa pipi.

"Shahada," Mwalimu alisema, akijipiga kifua.

"Jiwe ni la nani?" nikamuuliza.

Nilichoma vidonge vitano kwa siku mbili. Kila kimoja nilikibana kwenye kifuko, nikakipima juu ya jiwe, nikakimbia nacho hadi chumbani, nikakifungia ndani ya chungu. Mama alikuwa amekuja tena, si Jumamosi, akisema amesahau mwavuli. Alikaa kwenye stuli karibu na mlango, hagusi kitu, akinusa tu.

"Leo haitoki," alisema baada ya kidonge cha tatu.

"Haitoki, mama."

"Basi leo utashinda."

Majibu matano. Yalikaa pamoja. Hakukuwa na ngazi tena, na yalikuwa juu ya yote niliyokuwa nimepata kabla. Niliyatazama muda mrefu. Na kwa mara ya kwanza tangu chupa zile zifike, nilikuwa natazama nilichotakiwa kutazama: methili nne zilivyoitendea ile pete. Kila methili inaitunza pete kidogo, inaipa utulivu. Lakini ukizijaza kila kona, majirani wanaanza kugusana mabega, na nne hazilingani sawasawa na mara nne ya moja. Ni karibu, lakini si sawasawa. Hiyo "si sawasawa" ndiyo profesa aliyoifuata maisha yake yote, na ilikuwa mezani kwangu, Buhongwa, karibu na sahani ya ndizi alizonipikia mama.

Kilichobaki ni kutuma. Ningeweza kutuma matano mazuri na kunyamaza. Hakuna aliyejua habari za ngazi isipokuwa mimi, mama na Mwalimu, na mama alidhani ni habari ya kahawa. Lakini yale kumi mabaya nilikuwa nimeyaandika pamoja na saa zake, kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko wangu mzuri. Nikayatuma yote kumi na tano. Nikaandika kwamba yale kumi yana kosa na kosa ni langu, nikaeleza feni na alfajiri, nikaeleza kwamba miaka yote nilikuwa nachoma vifuko bila kujua vilikuwa vya nini. Sentensi hiyo ya mwisho niliiandika mara nne na kuifuta mara tatu. Ilikuwa Alhamisi.

Ijumaa simu haikulia. Jumamosi haikulia. Mwalimu alikuja kukaa na mimi bila begi lake la shule, akazungumza habari za mpira, ambao hatuupendi wote wawili. Seremala alipita nje akatusalimia, nikamjibu kwa mkato.

Jumatatu mchana, profesa akapiga mwenyewe.

"Namba zako za amidi zimelingana na zangu," alisema. "Za methili, yale matano ya mwisho, yamelingana pia."

"Nilijua," nikasema.

"Hukujua." Nikasikia akigeuza karatasi. "Yale kumi mengine nimeyachora. Umeandika saa ya kila kidonge. Ukiyapanga kwa saa, yanaonyesha wazi jinsi unga unavyoruka kwenye joto la nyuzi ishirini na nane. Sina mtu aliyewahi kunitumia kitu kama hicho kwa bahati mbaya."

"Mimi kazi yangu hata mbaya ni nzuri."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema mashine ibaki. Akasema pia kwamba kama nilitaka kujua vifuko ni vya nini, ningeuliza tu, miaka yote ile.  Hilo lilikuwa kweli, na kweli mimi sibishani nayo. Huipisha tu.

Nilimpigia mama. Nikamwambia mashine imebaki. Akauliza, "Na nailoni yangu?" Nikasema ataipata. Kwa kuwa mimi ni mtu wa ahadi, jioni hiyo hiyo nilimpelekea Mkolani nusu ya roli, na nusu nikaiandikia kwa kalamu nene: MAABARA, SI YA CHAKULA.

Chupa ya tatu ilifika wiki chache baadaye. Ni pete ile ile, wawili wakitazamana, lakini safari hii kibadala ni kipya kwangu, sikuwahi kukichoma hata kule. Mwalimu alisimama pembeni akisubiri nikimbilie mizani. Sikukimbia. Nilifungua kizibo kidogo, nikaipungia hewa kwa kiganja ije puani kwa adabu, kama mama anavyofanya na kifurushi chake.

"Haya, Ulaya," alisema Mwalimu. "Kinakaa au kinaondoka?"

Nilinusa tena. Kisha nikanyoosha mkono, nikazima feni.